Vidole Vinne vya Gonchig

Mjini Ulaangom watu walikuwa na mzaha wao: ukitaka kumpiga mwanaume bila kurudishiwa, nenda gereji kwa Gonchig. Na kweli walikwenda. Mlevi mmoja alimzaba kibao kwa sababu ya plagi iliyokufa, mwingine akamtemea mate usoni, na Gonchig, na shingo lake lote lile, akajifuta tu na kuendelea kukaza nati. Waliocheka zaidi walikuwa vijana wasiojua alikotoka.

Watu wa rika lake walijua. Alipokuwa na miaka ishirini na sita alimpiga dereva mwenzake kwa mkono wa jeki nje ya duka la vodka, kisa nani apakie mizigo kwanza, akampofua jicho. Alifungwa miaka sita, na mama yake akafa yeye akiwa ndani. Siku aliyotoka alipiga magoti mbele ya jiko la mama yake, kwa kuwa kwao moto wa nyumbani hauambiwi uongo, akaapa kwamba mkono wake hautanyanyuka tena juu ya binadamu. Kiapo kile kilikuwa na miaka ishirini na moja sasa. Hakuwa na kitu kingine maishani cha kujivunia, na hilo alilisema mwenyewe mbele ya mkewe bila aibu.

Asubuhi moja ya Januari, Baldorj akaingia gerejini na jipi la Kirusi la baba yake, gari lenye umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe, kioo cha mbele kimeganda barafu kwa ndani. Gonchig alilijua. Wiki tatu nyuma hita yake ilikuwa ikipuliza baridi, akakuta themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, imekwama wazi, akaweka nyingine, na hewa ikatoka ya moto. Sasa baba mwenyewe, Mzee Dugar, alikuwa amekaa kiti cha abiria, miguu imeviringishwa ngozi za kondoo, macho chini. Siku kumi zilizopita alikuwa akirudi peke yake kutoka malishoni, baridi imefika nyuzi arobaini na mbili chini ya sifuri, hita ikapoa njiani. Hospitali walimkata vidole vinne vya mguu.

Baldorj hakusalimia. Alishuka na spana ya magurudumu, akampiga Gonchig nayo mbavuni, na alipoinama akampiga tena mgongoni. Gonchig akajikunja, akaficha kichwa. Baldorj alikuwa mtu wa kufurahia kupiga, jitu jinga lililojaa nguvu, na baba mgonjwa alikuwa kisingizio kizuri. Katikati ya kipigo akamkanyaga Gonchig mguu. Basi, kwa watu wale ukimkanyaga mtu mguu usipompa mkono papo hapo mmeshakuwa maadui, hivyo mkono wa Baldorj ukajitokeza wenyewe, Gonchig akaushika, wakapeana. Kisha Baldorj akamvunja pua.

Alimburuta hadi kwenye meza ya kazi, akauingiza mkono wake wa kulia kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani, akakaza mpaka kikashika.

"Baba kakatwa vinne," akasema. "Chagua mwenyewe tuanze na kipi."

"Baldorj, nisikilize. Tuangalie hita kwanza. Kosa likiwa langu, mkono nitaurudisha humo mwenyewe."

"Na ukitoroka?"

"Nitorokee wapi, na baridi hii?"

Baldorj akafikiri. Alitaka kuvunja vidole, lakini alitaka zaidi kuvivunja akiwa na haki, mtaa mzima ujue. Akalegeza.

Gonchig akawasha injini, akasimama akisubiri ipate moto, damu ikimdondoka puani na kuganda kwenye ndevu. Mshale wa joto ukapanda taratibu ukasimama pale unapotakiwa kusimama, kwa hiyo themostati yake ilikuwa nzima. Akawasha feni, ikapuliza kwa nguvu, baridi tupu. Akaigusa koki ya hita, ilikuwa wazi. Ndipo akaishika mipira miwili inayoingia kwenye hita, mmoja kwa kila mkono. Mpira wa kupeleka maji ulikuwa unaunguza. Mpira wa kurudisha ulikuwa wa baridi kama jiwe la nje. Akamwambia Baldorj ashike naye. Baldorj akashika, akatukana, akauliza ndiyo nini.

Gonchig akamweleza kwamba maji ya moto yanafika mlangoni na hayapiti. Ndani kumeziba.

Alizima injini, akachomoa mipira yote miwili, akapiga upepo wa kompresa kwa kinyume, kupitia tundu la kutokea. Mara ya kwanza hakukutoka kitu. Mara ya pili hita ikakohoa, ikatapika uji mzito wa kimanjano hadi kwenye viatu vyao, na gereji nzima ikanuka haradali.

Hakuna dereva wa nchi ile asiyeijua harufu hiyo. Zamani, vipuri vilipokuwa havipatikani, rejeta ikivuja unamwagia unga wa haradali, unavimba, unaziba tundu, unafika nyumbani. Shida ni kwamba unga huo hauchagui, na vijitundu vya hita ni vyembamba kuliko vya rejeta. Gonchig alitazama uji ule, kisha akamtazama Mzee Dugar, dereva wa lori wa miaka thelathini. Mzee hakuinua macho. Chini ya sikio lake kulikuwa na alama ya bluu ambayo haikuletwa na baridi, na Gonchig, aliyezijua ngumi, akaitambua. Akajua mwana akiambiwa, mzee ndiye atakayepigwa.

"Umeweka wewe," Baldorj akasema.

"Sijaweka."

"Nani sasa? Shetani?"

Gonchig akaburutwa tena, mkono ukaingia kwenye jiliwa, na safari hii Baldorj akazungusha mpini bila kungoja. Ukucha wa kidole cha kati ukapasuka. Gonchig akapiga yowe, na mkono wake wa kushoto ukakunja ngumi wenyewe; akaufungua kwa nguvu kidole kimoja kimoja, machozi yakimtoka.

"Mwachie, mwanangu," ikasema sauti kutoka garini. "Ni mimi. Ilikuwa inavuja."

Baldorj akageuka. Akaokota spana, akaenda kwenye mlango wa jipi, akaunyanyua mkono juu ya kichwa cha baba yake, na mzee akafumba macho kama mtu aliyezoea.

Gonchig alizungusha mpini kwa kushoto, akachomoa mkono na ngozi ikabaki kwenye chuma. Akafika kwa hatua tatu. Ilikuwa ngumi moja tu, ya kulia, na taya la Baldorj likalia kama kuni kavu. Akaanguka chali, spana ikaruka mbali.

Hapo Gonchig akaona kiatu chake kiko juu ya mguu wa Baldorj. Akakiondoa, akanyoosha mkono ule unaochuruzika damu. Baldorj aliutazama muda mrefu, mdomo umekaa upande, halafu akaushika.

Gonchig akaketi kwenye tairi akalia waziwazi kama aliyefiwa. Mzee Dugar alimwacha alie, kisha akamwambia kwa sauti ndogo, "Umevunja kiapo chako kwa ajili yangu."

"Mzee, ungesema mapema nisingekivunja."

Mzee akanyoosha mkono wake dirishani, kwani naye, kwa namna yake, alikuwa amewakanyaga wote wawili. Gonchig hakuushika. Alirudisha mipira, akakaza vibano vyake, akajaza maji, akawasha injini na kungoja mpaka mipira yote miwili ikawa inaunguza. Kisha akaingiza kichwa garini, akageuza tundu la hewa likaelekea miguuni kwa mzee, akafungulia feni hadi mwisho.