Maziwa Tuliyochorea Mistari

Ilianza Alhamisi moja, saa nne na dakika kumi asubuhi. Najua saa kwa sababu kengele ya mapumziko ilikuwa imegongwa na hatukuruhusiwa kutoka. Tulikuwa darasa la nne, huko Kapseret, na mgeni wa msaada alikuwa amefika.

Nakumbuka vile tulisomea kwenye zizi la farasi. Si mchezo. Wazee wetu waliungana wakanunua shamba la mzungu, na hilo zizi likawa shule. Dawati langu lilikuwa pale farasi fulani alipotafuna ukuta. Paa lilikuwa la nyasi zilizochoka. Mvua ikinyesha tunahama kona hadi kona kama kuku. Watoto wa siku hizi wakidondokewa na tone moja wanaitisha sweta.

Sasa, kuna nchi moja ya mbali ilisikia tuna njaa, ikatutumia maziwa ya unga, magunia kwa magunia. Sisi! Nyumbani kila mtu ana ng'ombe, na nisipomaliza maziwa ya kibuyu mama ananishika paji kuona kama ninaumwa. Hayo ya unga yalikuwa na madonge na harufu ya blanketi iliyonyeshewa. Hakuna aliyeyanywa. Lakini yalikuwa meupe kweli, na shule haikuwa na chokaa, kwa hivyo rafiki yangu Njeri, binti wa mwenye duka, akayapatia kazi: kuchora mistari ya uwanja wa mbio. Mistari sita imenyooka, hadi ndama wakawa wanakuja kuilamba.

Mwalimu alijua, akanyamaza, kwa maana alipenda sana tushinde mbio. Lakini siku hiyo alituonya mapema. Mgeni akiridhika kwamba msaada wao umetumika vizuri, atatuletea mabati. "Mkiulizwa, mnakunywa vikombe viwili. Msaada haumwagwi. Mmesikia?"

Tulisikia.

Mgeni alikuwa kijana mrefu, shingo nyekundu, na Kiswahili cha kitabu kilichotushinda sisi wenyewe. Kila aliyeulizwa alisema vikombe viwili. Njeri akasema vitatu, mwongo huyo. Mimi sikuulizwa, nilikuwa mtoto wa kusalimia watu nikitazama viatu vyao. Kisha akatoa picha ya watoto wake, ikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu. Watoto wawili na makoti, na kila mahali ni kweupe. Uwanja mweupe, paa jeupe, miti imekauka haina hata jani. Ng'ombe hakuna. Nikaelewa kila kitu mara moja, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kumbe na nyinyi mnamwaga?"

Mgeni akasema, "Tafadhali, mwanafunzi, tunamwaga nini?"

"Maziwa." Na kwa vile nilikuwa nimeshaharibu, nikamalizia: "Sisi tunachora mistari tu. Nyinyi mmezidisha, mpaka miti ikafa."

Mwalimu akafunga macho. Mgeni alitoka nje, akainama, akachovya kidole kwenye mstari wa tatu, akaonja. Akaandika kitu, hakucheka, hakukasirika. Alipotaka kwenda, gari likakwama matopeni, ikabidi alale kwa mwalimu. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna aliyeniongelesha, isipokuwa Njeri, bila kunitazama: "Ikinyesha, utakaa wewe pale chini ya tundu la paa."

Habari ya theluji nilikuja kuijua nikiwa kidato cha kwanza, nikacheka hadi nikatolewa darasani. Na mabati yalikuja. Maziwa ya unga ndiyo hayakurudi. Leo watoto pale wanalalamika eti mabati yana joto, na mistari yao ni ya chokaa ya dukani. Inakaa vizuri, hata mvua haiimalizi. Lakini nikipita sioni ndama hata mmoja, na uwanja bila ndama naona kama umefiwa.

Ila Alhamisi hiyo sikujua lolote la hayo. Nilijua tu kwamba nimetupotezea mabati, na kwamba mtu wa watu ametoka nchi isiyo na ng'ombe. Asubuhi yake nikamkamua ng'ombe wetu mwekundu, nikajaza chupa, nikakimbia hadi kwa mwalimu. Mgeni alikuwa nje akinawa uso. Nikamwekea chupa mkononi ikiwa bado na joto.

"Ni msaada," nikamwambia, nikitazama viatu vyake. "Usimwage."