Nilitaka Mkwe Wangu Aogope Ziwani

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunitafutia sababu. Najua wapo watakaoandika hapo chini, "Pole mama, ni mipango ya Mungu." Pole zenu kaeni nazo. Mungu hakushika usukani siku ile, niliushika mimi.

Mimi ni mjane, nyumbani kwangu ni Iyunga, Mbeya, lakini kazi yangu iko Matema, Ziwa Nyasa. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Kyela. Aliniachia boti ya tanga, na kabla hajafa alikuwa ameshanifundisha kuiendesha. Nachukua wageni asubuhi, tunatembea ziwani, tunakula samaki, jioni nawarudisha. Miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyelowa zaidi ya miguu, na nilijisifu kwa hilo mpaka watu wakanichoka.

Msaidizi wangu botini alikuwa binti yangu, Zuhura. Ndiye mtoto pekee niliye naye. Akapata mchumba wa Iringa, anaitwa Idrisa, kwao wana maduka ya vitambaa. Kijana mwenyewe hana neno. Shida yangu ilikuwa mama yake.

Mara ya kwanza Mama Idrisa alipokuja kwangu alikaa kwenye ncha ya kochi kama vile kochi lina ugonjwa. Akaniuliza kama ni kweli navaa suruali mbele ya wazungu. Nikamwambia ni kweli, baibui linanasa kwenye kamba. Akatabasamu, akasema kwao mwanamke wa Kiislamu anakaa dukani, havuti kamba na wanaume.

Zuhura aliinamisha kichwa. Mimi nikamimina chai, na kuanzia hapo nikamdharau yule mwanamke kwa moyo wangu wote. Nilidharau pochi yake, nikadharau anavyokula wali kwa kuchaguachagua, nikadharau mpaka anavyovuta pumzi. Na dharau ni tamu, jamani, asikudanganye mtu. Nilikuwa nikipika naitafuna, nikilala naitafuna.

Ndoa ilipokaribia, Idrisa na wazazi wake wakaja Matema kuona shughuli zetu.

Siku hiyo upepo wa kusini uliamka vibaya. Mnaolijua Nyasa mnaelewa. Ukivuma kutoka kusini, ziwa lote linasukumwa kuja upande wetu, na mawimbi yanapiga ufukwe mpaka mchanga unatetemeka. Asubuhi walinijia wageni wawili, mtu na mkewe, walioweka nafasi zamani. Nikawarudisha. Niliwaambia kwa mdomo wangu huu huu kwamba leo anayetoka na boti ni mwendawazimu. Zuhura alikuwa amesimama pembeni yangu, anasikia.

Wakwe wakafika baadaye. Baba yake Idrisa ana goti bovu, akabaki kivulini. Mama Idrisa akaja mpaka majini na viatu vyake mkononi, akaitazama boti yangu, boti ya marehemu mume wangu, akasema, "Kumbe ndiyo hii? Nilidhani ni chombo, kumbe kitu cha kuchezea."

Nikasema, "Vaeni jaketi za kuokolea. Tunatoka."

Zuhura akanivuta pembeni, akaninong'oneza habari ya upepo. Nikamwambia anyamaze. Angeweza kugoma. Hakugoma kwa sababu mimi ni mama yake, na hakutaka kunitia aibu mbele ya watu anaokwenda kuolewa kwao.

Sasa sikilizeni, maana ungamo lenyewe ni hili. Sikutoka kwa sababu nilisahau upepo, wala kwa sababu niliudharau. Niliujua vizuri kuliko mtu yeyote pale. Nilitoka kwa sababu nilitaka yule mwanamke aogope. Nilitaka alie, aniombe tugeuze, na mwanaye amwone. Nilitaka kumrudisha Iringa akiwa ameshuka kidogo.

Tukasukumwa na watu wa ufukweni, tukapenya mawimbi, tukawa wanne botini: mimi kwenye usukani, Zuhura kwenye kamba, Idrisa na mama yake katikati. Zuhura aliniuliza kama tukunje tanga nusu, kama tunavyofanya siku za upepo. Nikakataa. Tanga lote likabaki juu, boti ikalala upande mmoja, maji yakawa yanaingia kwa makofi.

Idrisa alikuwa wa kwanza kuomba turudi. Aliomba kwa adabu, akaniita mama. Nikamcheka. Nikamuuliza kama wanaume wa Iringa wote wako hivyo.

Mama yake hakuomba turudi. Alishika ukingo wa boti, midomo inacheza kwa dua, macho makavu. Basi nikaenda mbali zaidi.

Mwishoni niligeuza, si kwa huruma, ila mikono ilikuwa imechoka. Kurudi upepo unakuwa mgongoni kwako, na hapo ndipo penye hatari. Ukizubaa kidogo, tanga linaruka kutoka upande huu kwenda upande wa pili, pamoja na ule mti mrefu unaoshika tanga kwa chini, na mti ule ukikukuta umesimama haukubakishi. Kazi ya mwenye usukani ni kuangalia tanga na kupiga kelele watu wainame.

Mimi nilikuwa naangalia uso wa Mama Idrisa. Natafuta woga.

Kamba ya jaketi lake ilikuwa imefunguka. Zuhura aliiona, akasimama ili amfungie. Tanga likaruka. Sikupiga kelele, maana sikuona. Nilisikia tu mlio wa mti kwenye kichwa cha mwanangu, halafu nikaona miguu yake ikipita juu ya ukingo.

Aliyemdaka ni Mama Idrisa. Alijirusha kifudifudi, akashika jaketi la Zuhura kwa mikono miwili, nusu ya mwili wake ikiwa nje ya boti. Idrisa akamshika mama yake kiunoni. Nikaachia kamba, tanga likalegea, tukamvuta ndani akitoka damu sikioni. Mawimbi yakatutupa ufukweni kama takataka.

Kwenye gari, njia yote mpaka hospitali Mbeya, kichwa cha Zuhura kilikuwa mapajani pa Mama Idrisa. Baibui lake lilikuwa limelowa maji na damu. Hakunilaumu. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mkwe, upepo ule ulikuwa unaujua?"

Nikajibu, "Hapana, mkwe wangu. Ulitushtukiza."

Zuhura alikuwa amefumbua macho. Alinitazama, akayafumba tena.

Alipona, ila sikio la kushoto halisikii na halitasikia. Tulipobaki wawili wodini aliniambia, "Mama, wale wageni wa asubuhi uliwarudisha."

Ndoa ilifungwa Iringa. Mama Idrisa alinikalisha mbele, akanipakulia kwa mkono wake, akawaambia ndugu zake kwamba mimi ni mwanamke jasiri, nimewaokoa kwenye dhoruba. Nilikula kile chakula. Nilikimeza chote, na Zuhura ananitazama.

Hajawatobolea siri yangu. Lakini kwangu haji, na simu yangu anapokea kwa maneno mafupi. Ameniwekea sharti moja: nimwambie Mama Idrisa ukweli mwenyewe, siku hiyo atakuja nyumbani. Nimeshafunga safari mara kadhaa. Moja ilinifikisha Rujewa, njiani kwenda Iringa, nikashuka kwenye basi, nikapanda la kurudi. Boti nimeiuza.

Na oneni nilivyo mtu wa hovyo: nimeshindwa kumwambia mwanamke mmoja, nimekuja kuwaambia ninyi mnaosoma, msionijua hata jina. Msiniite jasiri kwa kuandika hivi. Huu nao ni woga.

Ninyi mnaobeba watu, iwe boti, iwe gari, iwe pikipiki: kabla hujaondoka, watazame abiria wako usoni. Ukikuta kati yao kuna mmoja unayetamani kumwona akitetemeka, zima, shuka, waambie safari haipo. Mwanao naye yumo humo humo.