Anamchana Sufi kabla jua halijakuwa kali

Asubuhi bado ni changa na vigae vya sebuleni havijapoteza ubaridi wake. Mwanamke amekaa chini, miguu ameinyoosha, mapajani ametandika taulo la bluu. Juu ya taulo hilo amelala paka mweupe wa Kiajemi, uso bapa, manyoya marefu kiasi kwamba huwezi kujua kwa haraka kichwa kiko upande gani na mkia uko upande gani.

Anaanzia nyuma ya sikio. Chanuo la chuma linapita taratibu, linasimama, linarudi, linapita tena. Unyoya mmoja unachomoka, unapanda, unakutana na mwanga wa dirishani na kubaki ukielea pale kama vile haujaamua uende wapi. Pazia linajaa upepo, linanywea.

"Ukimwamsha, utamchana wewe," anamwonya mwandishi kwa sauti ya chini, kisha anacheka kimoyomoyo mabega yakitikisika.

Mtaani wanamwita Msusi wa Paka, jina ambalo mwanzoni lilimuudhi na sasa analiitikia. Kwa karibu miaka ishirini alikuwa msusi wa watu, mpaka vidole vya mkono wa kulia vilipoanza kufa ganzi.

"Kusuka kunataka kuvuta na kukaza," anaeleza. "Mteja ananiuliza, 'Shoga, umelala?' Kumbe mwenzake nasubiri kidole kizinduke."

Alifunga saluni yake akiwa hajui atafanya nini. Daktari wa mifugo, ambaye alikuwa mteja wake wa siku nyingi, ndiye aliyemtoa gizani. Alimwambia kuna paka wa manyoya marefu mjini wanaoteseka na joto kwa kukosa mtu wa kuwachana, na kwamba paka hataki kukazwa, anataka mkono mwepesi tu.

Leo anazungukia nyumba nne. Majirani wakimwona anatoka na mkoba wake hawaachi kumchokoza: "Leo unamsuka twende kilioni au mabutu?" Naye huwajibu kwamba wateja wake wa siku hizi wana adabu, hawaombi kukopeshwa wala hawasengenyi mtu.

Kati ya nyumba zote, hii ya Sufi ndiyo anayoisimulia kwa kituo, akipangusa macho ya paka kwa pamba yenye maji.

Sufi aliletwa hapa na marehemu baba mwenye nyumba, fundi saa, mtu wa maneno machache mbele za watu na maneno mengi mbele ya paka. Kila asubuhi alikuwa akimchana huku akimsomea gazeti kwa sauti. Mkewe alikuwa akiwasikia akiwa jikoni na kujifanya amechukia.

"Nilikuwa namwambia, mimi hunisomei hata kichwa cha habari," anasema mjane huyo, mama mwembamba mwenye mvi, kutoka kwenye kiti chake cha kamba. "Ananijibu, 'Wewe unabisha, mwenzako anasikiliza.'"

Fundi saa alipofariki, chanuo lilibaki dirishani. Miezi ikapita hakuna aliyelishika. Manyoya ya Sufi yakaanza kushikana, kwanza kwapani, halafu shingoni, mwishowe tumbo lote likawa gumu kama godoro kuukuu. Mama hakuruhusu mkono wa mtu.

"Aliyemchana mara ya mwisho alikuwa yeye," anasema. "Niliona nikimwachia mtu mwingine, basi nimekubali kwamba harudi."

Kisha msimu wa joto ukaingia. Daktari alimweleza waziwazi kwamba mafundo yale yanavuta ngozi na kuzuia hewa, na paka wa aina hiyo havumilii joto hata akiwa amechanwa vizuri. Binti wa mama huyo, anayeishi mbali, ndiye aliyempigia simu Msusi wa Paka.

Mama alimfungulia mlango nusu. "Kaa naye ukitaka," alimwambia, "lakini humgusi."

Msusi akakaa. Alirudi kesho yake akakaa tena, hapohapo kwenye vigae, mikono mapajani, macho yamefumba nusu. Anasema zilikuwa asubuhi za ajabu: nyumba imejaa saa za ukutani, kila moja ikienda kwa mwendo wake, paka chini ya meza akimtazama, mama kwenye kiti akimtazama paka. Hata yeye mwenyewe alikuwa akisinzia.

Siku moja alifumbua macho akakuta uzito mapajani. Sufi alikuwa amepanda mwenyewe.

"Nilimwangalia mama. Mama akageuza uso dirishani. Nikajua nimeruhusiwa."

Akaanza kufungua mafundo kwa ncha za vidole, akinyunyiza unga wa wanga kidogo ili nywele ziteleze. Shingo ikafunguka, makwapa yakafuata. Tumbo lilikataa. Pale palihitaji mashine ya kunyolea, na mama alisema mashine haitamgusa Sufi yeye akiwa hai.

Halafu ukaja mchana ule ambao umeme ulikatika na feni zikasimama.

Msusi alikuwa nyumba ya mtaa wa pili simu ilipoita. "Mwanangu," mama alimwambia, "Sufi anapumua kwa mdomo, ulimi nje, kama mbwa."

"Loweka taulo, mama. Maji ya bomba, si ya barafu. Mpanguse nyayo, masikio na tumbo. Nakuja."

"Tumboni maji hayapenyi! Pamekaza!"

Alikimbia viatu mkononi. Alipofika alimkuta mama amepiga magoti bafuni, gauni limelowa, paka amelala ubavu, macho yamelegea. Akatoa mashine mkobani, ile ya betri, akaishika bila kuiwasha.

"Mama, lazima ninyoe."

Mama alimshika Sufi kichwa kwa mikono miwili, akainama mpaka paji lake la uso likagusa lile la paka.

"Nyoa," alisema.

Fundo baada ya fundo likadondoka. Ngozi ya tumbo ikaonekana, nyekundu, laini kama ya mtoto mchanga, na maji yakaifikia. Wakamfunga kwenye taulo bichi, wakachukua teksi, vioo vyote chini, hadi kwa daktari, ambaye alimtundikia dripu na kuwaambia wasubiri.

Wakasubiri kwenye benchi. Hapo ndipo mama alipoanza kumzungumzia mumewe, kwa mara ya kwanza tangu azikwe, na hakunyamaza mpaka Sufi aliponyanyua kichwa na kulalamika kwa sauti ya kukwaruza.

Waliporudi nyumbani, mama alichukua ufagio akayafagia mafundo yale mwenyewe.

Siku hizi maji huwekwa pembe tatu za nyumba, na mlango wa bafuni haufungwi mchana kwa sababu vigae vya huko ndivyo vyenye ubaridi zaidi. Tumbo hunyolewa. Mgongo hauguswi na mashine. "Watu wananiambia nimfanye kipara," anasema Msusi. "Yale ya mgongoni ndiyo mwavuli wake."

Ana ndoto ya chumba chake mwenyewe, chenye madirisha pande mbili na mabenchi mafupi, ambapo wenye paka watakuja kujifunza kuchana, wasisubiri mpaka paka aanze kuhema. Tayari ana mwanafunzi mmoja.

Anamgeukia mama na kumnyooshea chanuo. Mama anasita, anasogeza kiti, anainama. Chanuo linagusa ubavu wa Sufi, linasimama.

"Nimemuumiza?"

"Hata kidogo, mama. Endelea."

Linapita. Sufi anajinyoosha, anafungua vidole vya mguu mmoja, anavikunja, anaendelea kulala.

"Nangoja siku nitakayobisha hodi hapa, mama aniambie ameshamchana," anasema Msusi wa Paka, akinyanyuka polepole. "Nitakuwa nimepoteza mteja. Nitakaa, nitakunywa chai yangu, na nitarudi nyumbani nikiimba."