Kiti cha Mti wa Dada

Mtu akiniletea kipande cha mti karakanani kwangu hapa Baraka, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, kwanza nakilamba. Wateja wageni hucheka. Nakilamba, nakinusa, nakipima uzito mkononi, kisha nakwangua kidogo kwa ukucha. Mukula naujua kwa wekundu wake, unaobaki kwenye vidole hata ukisugua kwa sabuni. Muvula naujua kwa vumbi lake, linalowasha pua kama pilipili. Nimekereza michi kutoka kwenye mbao za mtumbwi uliozeeka huko Ubwari, nimekereza mzizi wa mchungwa, na hata gogo lililoteremshwa na mafuriko ya mto, ambalo mafundi wengine walilipita kama mzoga. Mashine yangu inazungushwa na mota ya kinu cha kusagia mihogo kilichokufa zamani. Inapiga kelele mpaka jirani anafunga dirisha, lakini inazunguka. Basi nilikuwa na kiburi. Nilikuwa nikisema mbele za watu kwamba hakuna mti usiokerezeka, kuna fundi mvivu tu.

Mti ulionishinda ulikuwa umesimama kwenye kaburi la dada yangu.

Dada alikufa kwa surua, mimi sijaanza shule bado. Katika ukoo wetu mtoto mdogo hakujengewa saruji. Baba alikata fimbo mbichi ya ule mti wa miiba, wenye maua mekundu, ambao watu huutumia kwa ua, akaichomeka kichwani pa kaburi. Fimbo ya baba ilishika, ikawa mti mkubwa. Picha ya dada hatuna. Nguo zake zilipotea tulipokimbia vita. Baba naye alishaondoka duniani. Kwa hiyo mama alipotaka kumkumbuka binti yake alikwenda pale, akafagia majani, akarudi nyumbani kupika.

Halafu ziwa likapanda. Miaka hii limepanda mpaka limekula nyumba za mbele, likala njia, likaingia makaburini. Mama alihamia kwenye lupango langu, yaani kiwanja changu, na sufuria zake na kuku wake. Mti wa dada ukabaki peke yake majini, majani yakianza kugeuka manjano.

Jioni moja mama alikuja akasimama mlangoni pa karakana mpaka nikazima mota. Mama huniita papa, kama mama wengi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Papa, ule muti wa dada yako iko nakufa mu maji."

"Niliuona, mama."

"Ukate. Unitengenezee kiti. Nitakikalia mpaka siku yangu ifike. Mi sitake maji imubebe na mi naangalia tu."

Nikamjibu kwamba kiti ni kazi ndogo. Hivyo ndivyo nilivyomjibu, kazi ndogo.

Nilikwenda na jirani yangu mvuvi, kwa mtumbwi wake. Tulikata tukiwa tumesimama ndani ya maji ya kifuani, na miiba ikatuchana vizuri. Shina tulilifunga kamba, tukalikokota nyuma ya mtumbwi. Nilishangaa jinsi lilivyoelea, jepesi kama boya la wavu. Fundi mwenye akili angeshtuka pale pale. Mimi nilifurahi kwamba halitatuchosha.

Tulipofika ufukweni jirani akaangalia matawi.

"Na hii matawi, utafanya nayo nini? Unipatie. Choo yangu iko wazi, batu banapita banatusalimia tukiwa ndani."

Nikamwambia achukue yote, maana hakuna mguu wa kiti unaotoka kwenye tawi lenye miiba. Alifunga mzigo, akaondoka nao.

Kesho yake nilililamba lile shina. Halikuwa na ladha. Lilikuwa na maji tu. Nilipolifunga kwenye mashine na kusogeza patasi, halikutoa maranda. Lilichanika nyuzinyuzi, kama muhogo ulioloweshwa kupita siku zake, na maji yakanirukia usoni. Nilinoa patasi upya. Nilipunguza mwendo. Mguu wa kwanza ulikatika katikati, wa pili ukatoka na manyoya kama kifaranga. Mama alikuwa amekaa kwenye beseni lililopinduliwa, akitazama. 

Nikasema dawa ni kuukausha. Miti yetu yote migumu tunaikausha hivyo, juu ya dari ya jikoni, moshi uingie polepole, na miezi ikipita unashusha kitu kinacholia kama chuma. Nikapasua shina lote vipande, nikavipandisha. Mama akawa anapika chini yake kila siku, akitazama juu kabla ya kuonja mboga. Alikuwa anauliza, "Imekauka?" Nami najibu, "Bado kidogo." Wakati mwingine aliongea nao, nilimsikia. Aliuambia mti bei ya samaki imepanda.

Nilipovishusha vilikuwa vimesinyaa na kupasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Wadudu walishaingia. Nilipogonga kimoja mezani, unga mweupe ulimwagika, na kile kipande kikavunjika mkononi mwangu bila nguvu yoyote. Nilitupa nyundo ukutani. Nilitukana mti, nikatukana ziwa, kisha nikaona haya, maana nilikuwa namtukana nani hasa?

Kuna mzee mmoja wa Minembwe, mfugaji, ambaye zamani alikuwa akishuka na jibini na kuniletea magogo ya milimani. Tangu njia zilipoharibika kwa vita hatuonani, tunapigiana simu tu mtandao ukikubali. Nilimpigia, nikamweleza maua, miiba, na ule wepesi. Alicheka kwa huruma.

"Ule ni umuko, mwanangu. Sisi tunachongamo vyombo vya maziwa."

 Nikamuuliza wanaufanyaje.

"Unauchonga ungali mubichi, kwa mukono, pole pole. Halafu unaupaka siagi. Mashini hapana. Kukausha kwanza, hapana kabisa. Uko na kipande kibichi?"

Nikasema sina. Akauliza ng'ombe wa huku chini wako namna gani, kama mtu anayembadilishia mwenzake mazungumzo msibani. Nilirudi makaburini na mtumbwi kutafuta kisiki. Maji yalikuwa yamekifunika, na yalikuwa ya tope. Nilipapasa kwa kasia hapa na pale. Nilikuwa fundi wa miti aliyekuwa akitafuta kaburi kwa kasia, na sikulipata.

Sikujua nitamwambia nini mama. Nilifikiria kumkerezea kiti cha muvula, nikipake rangi, niseme ndicho hicho. Nilifika hata kuchagua ubao. Lakini mama alizaa na kulea fundi, angenusa tu.

Siku niliyojipa moyo kumwambia, sikumkuta jikoni. Kuku walikuwepo, sufuria ilikuwa motoni, mama hayupo. Nilimtafuta kwa mafundi wa nyavu, nikamtafuta kanisani. Nikamkuta nyuma ya nyumba ya jirani mvuvi, amekaa chini, mbele kabisa ya choo. Ndani jirani alikuwa anakohoa kwa adabu. Alikuwa amemaliza shida zake zamani, lakini angetokaje na bibi amekaa mlangoni?

Ua wa choo ulikuwa wa kijani. Matawi yale niliyogawa kama takataka, yalichomekwa ardhini mabichi, yakashika. Kila fimbo ilikuwa imetoa majani matatu matatu, na miiba midogo laini. Mama alikuwa ameshika moja kwa mikono miwili.

"Njo ye, dada yako," alisema.

Nikakaa kando yake. Harufu ya pale haikuwa nzuri, sitadanganya. Nikamwambia kwamba kiti kilinishinda, kwamba niliuharibu mti wote, kwamba mzee wa Minembwe amenieleza na nimechelewa. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya choo cha watu.

Mama hakunitazama.

"We ulitaka kumufanya kiti, papa. Ye iko nataka kusimama."

Akavunja tawi moja bichi, akaniwekea mkononi, akasema nilishike vizuri. Jirani alipata nafasi, akatoka, akatusalimia, akaenda zake haraka. Kutoka pale ziwa linaonekana. Tulipoleta matawi kulikuwa bado na nyumba nyingi kati ya choo kile na maji. Sasa imebaki safu moja, na waliokuwamo wameshaanza kutoa mabati ili wahame. Lupango langu liko upande huohuo wa ziwa, nalo maji yatalifikia.

Nikamuuliza mama tulichomeke wapi. Alitazama ziwa, akatazama bati la nyumba yangu, akaendelea kukaa.