Agosti, Mwezi wa Jua Zuri

"Huko Ulaya unakokwenda watu hutembeleana mwezi gani?" bibi aliniuliza nyumbani kwake Muleba, akianika kahawa. Nilikuwa nimekaa chumbani kwangu Bukoba nikilinganisha mvua na baridi za Ulaya, nikachagua Agosti. Nilitaka kukaa na watu wa huko, nizungumze nao.

"Bibi, Wazungu hawana mwezi wa kutembeleana."

"Umewauliza, msomi?"

Alinifungia kahawa ya kutafuna kwenye majani makavu ya mgomba, nimkaribishe nayo yeyote atakayebisha hodi, kama tufanyavyo kwetu.

Nilipofika Ulaya, jua lilikuwa zuri kweli. Lakini maduka ya mtaa niliofikia yalikuwa yamefungwa, wenyeji wamekwenda likizo. Katika jengo nilimopanga chumba, mlango uliofunguliwa ulikuwa wangu tu. Jioni niliketi dirishani nikatafuna ile kahawa peke yangu, punje baada ya punje.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi katika mji ule, na mwenye nyumba akaniambia kwamba Agosti ile mama mmoja mzee alibaki ghorofa ya juu kabisa, akiamini jengo zima halina mtu.