Karatasi Iliyolewa Lubisi Ijumbi

"Umetuua, Rutaihwa! Umeoshea bomba lako la dawa ya wadudu chemchemini!" anafoka Mama Mushumbusi.

"Kama nimekuua, mama, hiyo sauti inatoka wapi?"

Uani kwake, kijijini Ijumbi wilayani Muleba, watu wamejaa kama kuna harusi. Waliokuwa wakienda shambani wameegemeza majembe kwenye migomba. Ugomvi wa namna hii hausimuliwi, unashuhudiwa.

Katikati yao amesimama Joviana Kokushubila (34), fundi wa maabara kutoka Bilele, Bukoba. Ameshika kipande cha karatasi chenye upana wa kidole. Kimebaki cheupe, na weupe huo ndio uliowasha moto.

Karatasi hiyo ameitengeneza yeye na wenzake wawili. Imepakwa kimeng'enya, kitu kinachodhurika upesi. Ikichovywa kwenye maji safi hugeuka bluu; maji yakiwa na dawa ya wadudu, hubaki nyeupe.

"Ni ulimi," anasema Joviana. "Wa kwetu hauonji dawa ikiwa kidogo. Huu unaionja."

Ulimi huo umemtoa jasho. Mwaka jana umeme ulikatika, friji ikazima, kazi ya miezi minne ikaoza. Shangazi yake akamuuliza kwani kuuza vitenge hakulipi.

"Nilicheka," anakumbuka. "Halafu nikajifungia chumbani nikalia."

Leo kuna zito zaidi. Tangu uvumi uanze, Rutaihwa, mkulima wa kahawa, amekatazwa kukanyaga chemchemini. Mkewe anateka maji mbali, kama mwizi. Karatasi ikimsingizia, jina lake limekwisha. Na karatasi yenyewe, nani ataiamini tena?

Joviana anainama, ananusa dumu alilopewa na mwenye nyumba likiwa na maji ya chemchemi ya kupima. Ananusa tena.

"Mama, dumu hili lilikuwa na nini?"

"Maji."

"Na kabla ya maji?"

Jirani mmoja anamwahi kujibu.

"Waitu, jamani, si ndilo lile la lubisi, la kipaimara cha mwanao Evodia?"

Watu wanaangua kicheko. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ina uchachu, na uchachu nao huua kimeng'enya.

"Kumbe karatasi imelewa!" anadakia mwingine.

"Imelewa kweli," anakubali Joviana, naye akicheka. "Twendeni chemchemini tuinyweshe maji."

Msafara mzima unateremka. Joviana anachovya karatasi mpya palepale maji yanapobubujika. Shingo zinarefuka. Mama Mushumbusi amewapita wote, pua yake karibu iguse maji.

Ncha inaanza kubadilika. Bluu. Anachovya ya pili, na ya tatu. Bluu tupu.

Rutaihwa anavua kofia, anajifuta uso. Vigelegele vinapigwa. Joviana ameinua karatasi zake juu, meno yote nje.

"Laiti shangazi angekuwepo!"

Sasa anataka kila chemchemi ya Muleba iwe na karatasi zake, na chupa safi kando yake. Karatasi nyingine, ya kugundua sumu ya ukungu kwenye kahawa, ameshaianza. "Watu wapime kwanza," anasema, "kutukanana baadaye."

Mama Mushumbusi hajasubiri hotuba. Ameshajaza sufuria chemchemini, amejitwika, anatangulia. Mlangoni kwake anageuka na kuita kwa heshima.

"Tata Rutaihwa, maji nimeyateka mwenyewe na ndizi nimeshamenya. Mwite na mkeo. Ingieni tule."