Mstari Uliopita Miguuni pa Bibi

Nilimwahidi bibi yangu, mzaa mama, kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayefundishwa kuwa Ziwa Nyasa lote ni la nchi jirani. Bibi alizaliwa Matema, ufukweni kabisa, akaolewa huku juu Kyimo. Siku nilipomweleza kwamba Wajerumani na Waingereza, walipogawana nchi zetu wakiwa kwao Ulaya, waliupitisha mpaka kwenye ukingo wa maji, aliacha kumenya ndizi.

"Mwanangu, mimi nilikuwa naosha sufuria nimesimama majini mpaka magotini. Nilikuwa nchi ya nani?"

"Kwa ramani yao, Bibi, ulikuwa ng'ambo."

"Na sufuria?"

Tukacheka. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba kwetu hata mpaka wa migomba haupandwi mpaka majirani wote wawili wasimame pale na mashahidi wao. "Hao walisimama na nani?"

Mwaka huu shule ya sekondari ninakofundisha jiografia, hapa Tukuyu, ilipewa na wafadhili zawadi ya ramani kubwa ya ukutani. Niliikunjua: mstari umefuata ufukwe, mweusi, hauna shaka yoyote. Mkuu wa shule alitaka itundikwe kabla ya wafadhili kufika. Nilimwomba tuandike kando yake kwamba mpaka huo una mgogoro.

"Mwalimu, umeteuliwa lini kuwa Waziri wa Mambo ya Nje?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. "Tundika. Na ukumbuke bado hujathibitishwa kazini."

Niliitundika. Juu ya ziwa nikabandika karatasi: *Mpaka huu unabishaniwa. Waliouchora hawakumuuliza mkazi yeyote wa ufukwe huu, wa upande wowote.* Niliandika "wa upande wowote" kwa makusudi. Ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi hiyo jirani, wako wajomba zangu, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kalamu ya mkoloni.

"Ibandue," mkuu aliniamuru asubuhi ya kuja wageni.

"Samahani, Mkuu. Siibandui."

Niliandikiwa barua ya kujieleza. Nikajibu kwa kurasa nne. Jina langu halikupelekwa pamoja na ya wenzangu waliopendekezwa kuthibitishwa. Karatasi ingali ukutani, na haitatolewa kwa mkono wangu.

Ninakuomba, msomaji: ingia darasani anamosoma mwanao, uitazame ramani ya Ziwa Nyasa. Ukikuta mpaka umechorwa ufukweni bila maelezo, mwombe mwalimu aandike kwamba unabishaniwa.